Breki Kabla ya Mafuta

Siku mliyoniaga nilipostaafu, pale ukumbini, mliniomba niseme neno kwa vijana, nami nikasema asanteni, nikakaa. Wengi mlidhani ni machozi. Ukweli ni kwamba neno nililokuwa nalo lilikuwa refu, na pilau ilikuwa inapoa. Sasa niko nyumbani Maisaka, kuku ninao wachache, nafasi ninayo tele, kwa hiyo nawaandikia. Sitaeleza nilivyopanda vyeo. Hayo yamo kwenye jalada langu na hayamchekeshi mtu. Nitaeleza habari za pikipiki, kwa sababu nimewaona kwa miaka mingi mkitoka getini asubuhi, kofia ngumu mmeitundika mkononi kama kikapu cha sokoni.

Nilifika Babati nikitoka chuo cha mifugo, katika miaka ile ambayo watu wa rika langu huiita tu "wakati wa shida" na kila mtu akaelewa. Sabuni ilikuwa haipatikani, tukifulia majani ya mpapai. Sukari ilikuwa ya foleni, na kitenge kikiletwa dukani mnapanga mstari kabla hamjajua ni cha rangi gani. Nilishuka kwenye basi na sanduku langu la bati, nikaelekezwa ofisini, na kitu cha kwanza nilichokiona uani kilikuwa Landrova iliyokaa juu ya mawe. Haikuwa na hata tairi moja. Kuku walikuwa wanataga chini yake. Pembeni, chini ya turubai, zilisimama pikipiki tatu mpya, nyekundu, zilizoletwa na wafadhili.

Mkuu wetu alikuwa Ndugu Msuya, mtu mpole aliyechoshwa na kuomba vibali vya mafuta. Alinipokea vizuri, akanionyesha meza.

"Mwenye kujua pikipiki hapa ni mmoja tu, Lohay," aliniambia. "Yeye ndiye anayekwenda vijijini. Wewe utakaa hapa uandike taarifa."

"Taarifa za ng'ombe gani, mkuu, nami sijawaona?"

Akanitazama. "Unajua kuendesha pikipiki?"

"Sijui. Hata kuchanja nilikuwa sijui, nikafundishwa."

"Na baba yako huko Mbulu atasema nini?"

"Atasema nivae suruali."

Akacheka, na kwa mtu aliyechoka vile kicheko kilikuwa kama sahihi. Baba mwenyewe, nilipomwandikia, alijibu kwa swali moja: hiyo pikipiki itakula nini wakati mafuta hakuna? Lilikuwa swali la maana kuliko alivyojua.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Boay. Alikuwa dereva wa ile Landrova iliyoatamia mayai, Mgorowa mrefu, mkavu, mwenye sauti ndogo isiyopanda hata akikasirika. Zamani, kabla ya gari, aliwahi kuendesha pikipiki za misheni miaka mingi. Siku ya kwanza nilifika na suruali niliyoishona kwa turubai kuukuu, juu yake nimevaa sketi ili kina mama wa jumuiya ya kanisani wasipate la kusema. (Walilipata hata hivyo.) Nikapanda juu ya kiti, nikashika mikono ya pikipiki, nikangoja aniambie namna ya kuiwasha.

"Shuka," akasema. "Leo hatuwashi. Mafuta ni ya kazi, siyo ya kujifunzia. Isukume."

Niliisukuma kuzunguka uwanja wa ofisi hadi mabega yakawaka. Kesho yake nikaisukuma tena, safari hii kwa kukata kona kati ya madumu aliyoyapanga. Halafu akanifundisha kuilaza chini na kuinyanyua. "Itakuangusha," alisema, "na itakuangusha mahali ambapo hakuna mtu. Lazima uijue uzito wake kabla haijakulalia." Unaipa mgongo, unachuchumaa, unashika mkono mmoja na fremu, unanyanyuka kwa miguu, siyo kwa kiuno. Wengi wenu hamjui hilo mpaka leo, ndiyo maana mnaita watu.

Lohay alikuwa akipita na kutucheka. Alikuwa kijana mzuri wa sura, mwenye moyo mkubwa, na alikuwa akiondoka getini kwa kishindo hadi kuku wa Landrova wanaruka. "Mzee Boay," alisema siku moja, "huyu unamfundisha pikipiki au mkokoteni?"

"Namfundisha kurudi nyumbani," Mzee Boay akajibu.

Nyuma ya yadi kulikuwa na kamteremko. Tulikapanda kwa kusukuma, tukashuka injini ikiwa imezimwa, gia iko huru, na kazi yangu ilikuwa moja: kusimama pale alipochora mstari kwa fimbo. Hapo ndipo nilipozijua breki. Ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma, lakini inadai heshima. Ukiibana ghafla kwenye mchanga au tope, inakutupa. Zote mbili zinabanwa pamoja, pole pole, kama unavyokamua ng'ombe asiyekuzoea. Na macho yasitazame tairi. Yatazame mbali, kule unakotaka kwenda, kwa sababu mwili unafuata macho bila kukuomba ruhusa. Watu wengi hujifunza kwanza kukimbia, kisha wanatafuta namna ya kusimama. Mimi, kwa sababu ya shida ya mafuta, nilijua kusimama kabla sijawahi kukimbia. Mpaka leo naishukuru ile shida kwa jambo hilo moja. Mengine sitaishukuru.

Kofia ngumu ilikuwa moja kwa pikipiki tatu, na ilikuwa kubwa. Niliijaza kitambaa ndani hadi ikakaa sawa. Mzee Boay alikuwa ameweka sheria kwamba aendaye mbali ndiye anayeivaa. Baadaye aliandika kwa mapadri aliowahi kuwatumikia, wakatuletea nyingine mbili zilizokwaruzika, na sheria ikabadilika: asiye na kofia haendi. Kwenye kila pikipiki alifunga pia kamba ya katani chini ya kiti. Lohay aliuliza kama ni ya kuchunga mbuzi.

Siku niliyoruhusiwa kuwasha injini ilikuwa asubuhi, kwenye uwanja wa mpira wa Nangara. Injini ilinizimikia mara nyingi, halafu klachi ikaniingia mkononi na pikipiki ikatembea. Gia ya kwanza, ya pili. Nilipozunguka uwanja mara ya tatu Mzee Boay akaninyooshea mkono kuelekea barabarani, nami nikatoka. Nilipita kando ya ziwa na gia ya tatu. Viboko walikuwa wamezama hadi macho, upepo ulikuwa baridi, harufu ya majani mabichi na vumbi lililonyeshewa ikanijaa puani, na nikajisikia nikicheka peke yangu ndani ya ile kofia kubwa. Sikuwa nimeambiwa kuhusu furaha. Nilidhani ni kazi tu.

Niliporudi Mzee Boay alinitazama usoni. "Umeipenda," akasema. "Vizuri. Anayeipenda huitunza." Kisha akanipa tambara na mafuta machafu nilainishe mnyororo.

Nilianza na vijiji vya karibu, Sigino na pembeni mwake, kisha mbali zaidi. Watu waliniita Bwana Mifugo, kwa kuwa hilo ndilo jina la kazi, na watoto wakawa wanabishana kama Bwana Mifugo ni mwanamke au ni mwanaume mwenye sketi.

Masika ya mwaka wa pili ikaja habari ya kimeta. Ilitoka kwa wafugaji wa tambarare za upande wa Hanang, nje ya barabara ya Singida: ng'ombe walionona wanaanguka ghafla, damu nyeusi inatoka puani, na haigandi. Mlioko kazini mnajua maana yake. Anayemchuna anaugua, anayemla anaweza kufa. Na ule ulikuwa wakati wa njaa ya nyama, ngozi ilikuwa mali, ukimwambia mtu achome ng'ombe mzima bila kumgusa unamwambia jambo kubwa.

Ndugu Msuya alipata chanjo kwa taabu, ikaja na barafu. Tukagawana mimi na Lohay, kila mmoja sanduku moja la baridi nyuma ya kiti, tukaondoka pamoja alfajiri ilipopambazuka. Barabara ilikuwa imekunjamana kama bati. Tulipoacha barabara kuu tukaingia kwenye udongo mweusi ulioanza kunata. Nilishusha gia, nikasimama juu ya vikanyagio, nikaiachia pikipiki icheze chini yangu kama nilivyofundishwa. Lohay alikuwa mbele, akiteleza na kujiokoa, akiteleza na kujiokoa, na kusema kweli ilipendeza kumtazama.

Tukafika korongoni tukakuta maji. Mvua ilikuwa imenyesha milimani. Yalikuwa mekundu, yanapita na matawi ya miti. Ng'ambo tuliona watu wamesimama na mikuki na shuka zao za rangi ya vumbi, wanatungoja.

"Tunapita," akasema Lohay. "Hayafiki hata kiunoni."

"Unajuaje?"

"Paskalina, ng'ombe wanakufa kule. Barafu inayeyuka hapa."

"Ndiyo maana tungoje. Sanduku likienda na maji hatujaleta kitu. Maji haya ya milima yanashuka haraka."

"Na yakipanda?"

Alinigusa bega kwa upole, kama mtu anayemwelewa mwoga, akatia gia, akaingia. Alifika karibu na katikati. Niliona tairi la mbele likipotea ghafla, kisha pikipiki ikageuka ubavu, na Lohay akachukuliwa nayo.

Maji yalimtupa kwenye mgunga ulioinamia ukingoni, chini kidogo upande wangu. Alishika tawi. Kofia ilikuwa bado kichwani, na niliona ikigongwa na gogo moja, kisha jingine. Mimi sijui kuogelea. Sisi wa milimani maji tunayajua ya kunywa. Nilivuta ile kamba ya katani chini ya kiti, nikafunga ncha moja kwenye shina la mti, nikakimbia ukingoni nikamtupia. Mara ya kwanza ilipita mbali. Mara ya pili akaidaka, akaizungusha kwapani.

"Usiachie!" nikampigia kelele.

"Niachie niende wapi?" akajibu, anatapika maji.

Nilivuta hadi viganja vikachubuka. Alipotambaa juu ya tope alilala kifudifudi muda, kisha akaivua ile kofia akaitazama. Ilikuwa imepasuka upande mmoja, toka juu hadi sikioni. Akapitisha kidole kwenye ufa, akanipa ili nami niutazame. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Sanduku lake la chanjo lilikuwa limeshakwenda.

Tukangoja. Maji yalianza kupungua jua lilipokuwa juu ya vichwa vyetu. Vijana wa ng'ambo waliingia wakishikana mikono, wakayapima kwa mikuki, wakavuka. Walibeba sanduku langu kichwani, wakamvusha Lohay, kisha wakakata miti miwili wakaibeba pikipiki yangu juu juu kama wanavyobeba mgonjwa.

Mwenye mji alikuwa mzee anayeitwa Gidamis. Nikamsalimu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekuleta?"

"Nimekuja mwenyewe, na hii pikipiki."

Aliizunguka, akaigusa tenki, akanitazama tena. "Nimekuona pale kwenye maji," akasema kwa Kiswahili chake kizito. "Yule aliingia. Wewe ulikaa. Mimi nikasema, huyu hatujali, anaogopa kulowa. Sasa naona dawa iko mkononi mwako."

"Iko nusu, baba. Nusu imekwenda. Nisaidie tuchague."

Tulichagua pamoja. Yeye ndiye aliyejua kundi gani limelala wapi na limekunywa wapi, na mimi nilijua ugonjwa unajificha kwenye udongo wa namna gani. Tukachanja waliolisha pamoja na wale waliokufa, Lohay akijaza sindano kwa mkono mmoja. Kisha ikabaki lile jambo gumu. Maksai mkubwa alikuwa amekufa asubuhi hiyo, ngozi yake inang'aa. Gidamis alisimama mbele yake muda mrefu. Wake zake walikuwa nyuma yake na watoto walikuwa nyuma ya wake zake, na wote walikuwa wamekonda.

"Ukimpasua," nikamwambia, "ugonjwa utakaa kwenye ardhi hii hata wajukuu zako waukute."

Alikwenda mwenyewe kuchukua kuni, akaanza kuzipanga.

Kabla sijaondoka alinionyesha mwanawe, Udagwenga, mtu mzima mwenye mke. Alikuwa amemchuna ng'ombe wa kwanza, kabla hawajajua. Mkononi alikuwa na kidonda cheusi katikati, kimevimba pembeni, na mwili ulikuwa wa moto. Huyo hakuwa wa kungoja kesho. Lohay nikamwacha asimamie ule moto, na vijana wakatuvusha tena korongo. Nilimvalisha kofia yangu, nikajifunga kitambaa kichwani, na hiyo ndiyo siku pekee niliyovunja sheria ya Mzee Boay.

Udagwenga hakuwahi kupanda hata baiskeli. "Nikilala upande, wewe lala nami," nikamwambia. "Usinivute. Usishushe miguu. Tazama juu ya bega langu, siyo chini." Alinishika kiunoni kama anavyoshikwa ndama anayetaka kukimbia, na kwenye kila kona nilihisi anavyopigana na hofu yake ili ainame ninapoinama. Sikukimbia. Mtu akiwa mgonjwa nyuma yako kila kitu kinakuambia ukimbie, nanyi vijana mtaambiwa hivyo mara nyingi. Nilikwenda mwendo ambao ningeweza kusimama ndani ya kile ninachokiona, basi, nikaushikilia. Tukafika hospitali ya misheni kukiwa bado na mwanga. Alichomwa sindano siku hiyohiyo. Alipona, na miaka yote iliyofuata kila aliponiona mnadani aliinama kulia, akainama kushoto, akacheka.

Ng'ombe waliochanjwa walisimama. Walikufa wengine, sitaficha, lakini ule ugonjwa haukuvuka kwenda kwa majirani. Pikipiki ya Lohay ilipatikana chini ya korongo imepinda, Mzee Boay akainyoosha kwa moto na nyundo. Lohay mwenyewe, mkono ulipopona, alifika yadi asubuhi moja akamwambia, "Mzee, nifundishe ule mkokoteni." Mzee Boay akampa ya kwake aisukume. Hakumcheka.

Msije mkadhani kazi ile ilikuwa mikosi tu. Sikukuu ya wakulima ya mwaka huo watumishi walitaka mashindano ya pikipiki, ila mafuta ya kukimbizana hayakuwepo. Mzee Boay akatoa wazo: tushindane kwenda pole pole. Atakayefika wa mwisho ndiye mshindi, atakayegusa chini kwa mguu ametoka. Uwanja ulijaa. Tulikuwa mimi, Lohay, askari mmoja mwenye pikipiki kubwa, mganga wa zahanati, na katekista aliyekuja na kanzu yake ameikunja hadi magotini.

Hakuna mchezo mgumu kama ule. Askari alitoka mara moja, pikipiki yake nzito ilimlalia. Lohay alikwenda vizuri, akatazama watu wanaomshangilia, mguu ukashuka. Mganga akazimikiwa. Tukabaki mimi na katekista, bega kwa bega, tunakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Klachi nusu, breki ya nyuma kidogo, macho mbali kwenye goli.

"Dada Paskalina," katekista alininong'oneza bila kugeuka, jasho linamtoka, "nikianguka waumini watasemaje?"

"Watasema umepiga magoti, mwalimu."

Akacheka, na kicheko kikamwangusha. Uwanja mzima ukapiga yowe. Nilivuka mstari peke yangu, pole pole kuliko mshindi yeyote duniani, nikapewa zawadi: mche mzima wa sabuni. Wanawake waliniimbia njia nzima hadi nyumbani, wakiwemo wale wa jumuiya waliokuwa na maneno kuhusu suruali. Niliukata kwa uzi, kila mmoja akaondoka na kipande. Wiki iliyofuata muuguzi mmoja, Mama Neema, alinifuata yadi amevaa suruali ya mumewe. Baada yake wakaja wengine.

Shida ilianza kulegea taratibu. Mafuta yakaonekana, tairi za Landrova zikaja, kuku wakahamishwa. Mzee Boay aliiendesha muda mfupi, kisha umri ukamfikia akastaafu. Siku ya kwenda kwao, upande wa Galapo, ofisi ilitaka kumpeleka kwa gari. Akakataa.

"Paskalina atanipeleka," akasema.

Nilishtuka. Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akipanda nyuma ya mtu. Alivaa kofia, akafunga mkanda chini ya kidevu, akakaa. Nilitia gia taratibu kama siku ile ya Nangara. Nilingoja anisahihishe kwenye kona ya kwanza. Nikangoja kwenye mchanga. Tuliteremka mteremko mrefu wenye kokoto, nikasikia mwili wake ukiinama pamoja na wangu, mwepesi, bila kuniuliza chochote.

Mkewe alikuwa mlangoni anapepeta mahindi. Alipotuona akaweka ungo chini, akashika kiuno.

"Baba Tluway! Leo umeletwa na mwanamke?"

Mzee Boay akashuka, akavua kofia, akajifuta vumbi bila haraka.

"Nimeletwa na dereva," akasema.

Walinipa maziwa ya mgando na kiporo cha viazi, tukaongea hadi jua likaanza kuelekea upande wa pili. Nilipoaga nilifungua tenki nikatazama ndani. Mafuta yalikuwepo, na jioni ilikuwa bado mbali. Nikavaa kofia yangu, nikapiga kiki, na badala ya kurudi moja kwa moja nikapita njia ndefu.